Béla Tarr amefariki: sinema ya mvua, potopoto na subira inatuhusu nini sisi wa Bibokoboko?



Tarehe 6 mwezi wa kwanza mwaka wa 2026 alifariki Béla Tarr, mtengenezaji wa filamu kutoka inchi ya Hungaria, akiwa na miaka 70. Najua wengi watauliza: huyu mzungu anatuhusu nini? Filamu zake hazisemi neno juu ya Kivu, na ukizipeleka kwenye nyumba ya video kule Baraka, wateja watadai pesa zao dakika ya kumi. Swali ni la haki. Nataka kulijibu, lakini si kwa kumsifu marehemu tu kama tunavyofanya kwenye matanga. Nataka kusema ni nini alichokiona vizuri kuliko wengine, na ni wapi, kwa maoni yangu, hakufikisha.

Watu wa sinema wanamuita bwana wa filamu za polepole na za giza. Maneno hayo mawili, polepole na giza, yanafaa kupimwa na watu waliokulia milimani. Mimi nasema hivi: polepole ile si polepole kwetu. Na giza lile tunalijua, kwa hiyo tuko na haki ya kubishana nalo. Kisha kuna jambo la tatu ambalo linatugusa sisi wahitimu zaidi ya wengine, nalo ni namna Tarr anavyowaonyesha watu wanaoshika kalamu. Hapo hakuna mzaha.

Kwanza maisha yake kwa kifupi. Alizaliwa 1955 katika mji wa Pécs, akakulia Budapest wakati wa utawala wa kikomunisti. Akiwa kijana wa miaka 16 alipiga filamu ndogo juu ya wafanyakazi Waroma, watu ambao huko Ulaya wanadharauliwa mpaka leo. Serikali haikuipenda. Alitaka kusoma filosofia kwenye chuo kikuu, mlango ukafungwa. Akafanya kazi ya mikono kwenye kiwanda cha kutengeneza meli. Baadaye ndipo aliingia shule ya sinema.

Filamu yake ya kwanza ndefu, ambayo kwa Kifaransa inaitwa Le Nid familial, aliitengeneza akiwa na miaka 22. Inahusu jambo moja tu: bibi na bwana vijana, pamoja na mtoto wao, wanaishi kwa wazazi wa bwana kwa sababu hakuna nyumba. Watu wamebanana, hakuna pa kuficha neno wala chozi, na baba mkwe anaharibu ndoa ya mtoto wake kwa mdomo, siku kwa siku. Kila mtu aliyeshuka Baraka mwaka 2021, wakati nyumba zilichomwa kwetu Bibokoboko, akalala miezi na miezi kwa ndugu katika vyumba viwili vya familia tatu, anaijua hiyo filamu hata kama hajaiona. Anajua jinsi upendo wa ndugu unavyochoka, bila mtu yeyote kuwa mbaya.

Tangu filamu ya Damnation ya mwaka 1988 alifanya kazi na mwandishi László Krasznahorkai, yule aliyepewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2025. Muziki ulikuwa wa Mihály Víg. Kazi ya kuunganisha picha ilikuwa ya Ágnes Hranitzky, mwenzake wa maisha, ambaye baadaye jina lake liliandikwa pamoja na lake kama waongozaji wawili. Nalisema hilo kwa sababu magazeti yamemlilia Tarr kama mtu aliyefanya yote peke yake. Hapana. Ilikuwa kundi dogo la watu walewale kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye hilo jambo la polepole.

Sisi tumezoea filamu za kutafsiriwa. Mtafsiri anaongea tangu mwanzo mpaka mwisho: anatueleza nani ni steringi, nani ni adui, anatia utani wake, na pale waigizaji wanaponyamaza yeye ndiye anajaza. Ni sanaa, siidharau, imewachekesha watu wetu katika miaka ambayo hakukuwa na kitu kingine cha kuchekesha. Lakini imetufundisha kwamba ukimya ni shimo, lazima mtu alifukie haraka. Mtafsiri huyo akiwekwa mbele ya Sátántangó, filamu kubwa ya Tarr ya mwaka 1994, angekosa la kusema baada ya dakika mbili. Na filamu hiyo inachukua zaidi ya saa saba.

Inafunguka na ng'ombe. Ni asubuhi, mvua imenyesha, uwanja ni potopoto tupu. Ng'ombe wanatoka zizini taratibu, wanasimama, wanatazama, mmoja anampanda mwenzake, wanaanza kusogea. Kamera inatembea pamoja nao, inapita kuta zilizobomoka na milango iliyofungwa, mpaka wanapotelea nyuma ya nyumba. Karibu dakika nane, bila kukata picha hata mara moja. Hakuna mtu anayeonekana.

Watazamaji wa mijini, nimesoma maandiko yao, wanasema: hapa hakuna kinachotokea, Tarr anatufundisha kuvumilia. Kumbe mwite mchungaji mmoja wa kwetu, umkalishe mbele ya picha hiyo, uone. Hatachoka. Ataanza kuuliza mara moja. "Nani amefungua? Mbona hakuna mutu nyuma yao? Wamekamuliwa ao hapana? Hawa wamekonda, angalia mbavu. Na hiyo nyumba haina moshi asubuhi yote hii, wenyewe wako wapi?" Ndani ya dakika nane hizo atakuwa ameshajua kwamba kijiji hicho kinakufa. Na ndivyo ilivyo: ni shamba la ushirika lililoanguka, watu wachache wamebaki, wanangoja pesa za kazi yao ya mwaka mzima, na kila mmoja anapanga jinsi ya kuwaibia wenzake na kukimbia usiku.

Ndiyo maana nasema filamu hii si ya polepole kwetu. Inaenda kwa mwendo wa ng'ombe, na mwendo wa ng'ombe ni habari, kama unajua kuusoma. Mtu anayepanda kutoka Baraka na mzigo mgongoni wakati wa mvua hawezi kukuambia kwamba "hakuna kinachotokea" njiani. Kila jiwe ni jambo. Kila mto umejaa ao haujajaa. Tarr alikataa kukata picha kwa sababu aliona kwamba ukikata, unaiba muda wa mtu maskini. Redio na televisheni zinapotaja milima yetu, tunapewa dakika moja: moshi, wanawake wenye vitu kichwani, idadi ya waliokimbia, kisha habari nyingine. Ile siku nzima ya kushuka haimo. Usiku wa kwanza haumo. Tarr, kwa watu wake wa uwanda wa Hungaria, aliurudisha ule muda ambao wengine wanaukata.

Haya, polepole tumeimaliza. Twende kwenye kalamu.

Katika Sátántangó kuna mtu anaitwa Irimiás. Wanakijiji waliamini amekufa. Siku moja habari inakuja: Irimiás yuko njiani, anarudi! Hofu na furaha vinachanganyika. Yeye ni msemaji. Akifungua mdomo, watu wanasahau njaa. Wanachokiona watazamaji, na wanakijiji hawakijui, ni kwamba polisi imeshamshika na kumlazimisha awe mpelelezi wake.

Kabla hajafika, kuna mtoto msichana, Estike. Kaka yake amemdanganya kwamba akipanda pesa udongoni, mti wa pesa utaota. Mtoto anapanda vipesa vyake, kaka anavifukua na kuvichukua. Mtoto anageuza hasira yake kwa paka, kwa sababu ndiye kiumbe pekee aliye dhaifu kuliko yeye. Sehemu hiyo inaumiza kuitazama, na watu wengi wamemlaumu Tarr. Yeye alieleza kwamba paka alipewa dawa ya usingizi na daktari wa mifugo alikuwepo. Paka anakufa kwa sumu katika hadithi, kisha Estike anatembea usiku kucha na maiti ya paka kwapani, na asubuhi anakunywa sumu ileile. Usiku huohuo watu wazima wanalewa na kucheza dansi ndani ya baa, dansi ndefu isiyokwisha, mmoja amejiwekea mkate kwenye paji la uso. Unacheka, kisha unakumbuka kwamba mtoto amechungulia dirishani na hakuna aliyemfungulia.

Irimiás anafika. Anasimama juu ya mwili wa mtoto na kutoa hotuba. Ni hotuba nzuri sana. Anawaambia kwamba wote wana hatia, kisha anawaambia kuna shamba jipya, maisha mapya, ila pesa zinahitajika. Wanatoa pesa zote mezani. Ni ule mti wa pesa, ndugu zangu. Kaka wa Estike alifanya udanganyifu mdogo kwa mtoto mmoja. Irimiás anaufanya kwa kijiji kizima, na anatumia kifo cha mtoto huyohuyo kama mtaji. Filamu hailitaji hilo kwa maneno hata mara moja. Inakuachia wewe saa nzima kati ya tukio moja na jingine ili uunganishe mwenyewe. Katika filamu ya haraka usingeunganisha.

Kisha wanafunga vitu vyao, wanavunja hata samani zao ili wengine wasizitumie, wanatembea kwenda kwenye jumba tupu walilopewa kama ahadi. Wanalala sakafuni. Asubuhi Irimiás anasema mpango umechelewa kidogo, na anawatawanya, huyu mji huu, yule mji ule. 

Sitasema Irimiás wa kwetu ni nani. Kila mmoja wetu ameshaona wawili ao watatu, wa kila upande, wenye bunduki na wasio na bunduki, waliowaambia watu wahame ao wabaki kwa ajili ya maisha mapya. Ninachotaka mtazame ni jambo jingine: ni nani wanaojua kuandika katika filamu hii?

Wa kwanza ni daktari. Mnene, mlevi, anakaa dirishani mchana kutwa akiandika kila kitu ambacho majirani wanafanya, kila jirani na daftari lake. Anajua yote. Hamsaidii mtu. Usiku ule, Estike anamkimbilia na kumshika nguo, yeye anamsukuma. Wa pili ni Irimiás mwenyewe, anayeandika ripoti juu ya wanakijiji kwa ajili ya polisi. Wa tatu ni makarani wawili wa polisi. Ripoti ya Irimiás imejaa matusi: fulani ni mjinga, fulani ni mchafu. Makarani wanakaa na mashine ya kuandikia na kuisafisha. Wanatafuta neno la heshima mahali pa kila tusi. Wanafanya kazi yao vizuri, wanakula kidogo, wanaendelea, wanamaliza, wanavaa makoti, wanaenda nyumbani. Sehemu hiyo ni ndefu na karibu inachekesha, na kwangu ndiyo ya kutisha kuliko zote. Hakuna aliyepigwa, hakuna damu. Ni watu wawili waliosoma wanatafuta maneno mazuri.

Wahitimu wenzangu, pale tupo. Wangapi kati yetu wameajiriwa kuandika ripoti juu ya watu wetu waliokimbia? Tumesema "walengwa", tumesema "kaya zilizo katika hali ya udhaifu", tumejaza karatasi, tumepokea posho. Sisemi ni dhambi. Watoto lazima wale. Nasema Tarr alijua kwamba ukatili wa mwisho unapita kwenye lugha safi, na kwamba anayeisafisha ni mtu mwenye diploma. Yeye aliyefungiwa mlango wa chuo kikuu aliwatazama waliopita mlango huo bila chuki na bila kuwasamehe.

Katika Les Harmonies Werckmeister, filamu ya mwaka 2000, anarudia swali hilo kwa namna nyingine. Mji mdogo, baridi kali. Lori linaleta nyangumi mkubwa aliyekufa, watu wanalipa kumtazama, na pamoja na nyangumi kuna mtu asiyeonekana anayeitwa Mwanamfalme, ambaye maneno yake yanawasha umati. Kuna mzee msomi, Bwana Eszter, aliyejifungia ndani na nadharia yake juu ya namna vinanda vinavyopangwa sauti. Na kuna kijana Valuska, mpeleka magazeti, ambaye watu wanamuona kama mjinga. Mwanzoni kabisa Valuska anawapanga walevi katika baa: wewe ni jua, wewe ni dunia, wewe ni mwezi, zungukeni. Anawaeleza kupatwa kwa jua, hofu ya giza lile, na jinsi mwanga unavyorudi. Kwa maoni yangu huyo ndiye mwalimu pekee katika sinema yote ya Tarr. Hana cheti. Anafundisha kwa miili ya watu waliopo, kwa lugha yao, bila kuwadharau.

Kisha usiku umati unatembea kwenda hospitali. Tunatazama nyuso zao kwa muda mrefu, mamia ya watu, hakuna anayepiga kelele. Hakuna wimbo, hakuna kauli. Hatua tu. Wanaingia, wanavunja, wanapiga wagonjwa vitandani. Kamera inapita chumba baada ya chumba. Mwisho wanavuta pazia na wanamkuta mzee uchi, mifupa mitupu, amesimama kwenye beseni la kuogea. Wanasimama. Wanageuka, na wanatoka pole pole mmoja mmoja.

Ni nini kiliwasimamisha? Tarr hasemi. Nimesikia wengine wakisema ni huruma, wengine aibu, wengine kwamba waliona kifo chao wenyewe. Mimi naona jambo moja: hapo ndipo hakuna tena cha kuvunja. Lakini pia naona kwamba Tarr hakutupa kabila la umati ule, wala kabila la mzee. Kwa mtu wa Fizi hilo ni pumzi. Sisi kila tukisimulia usiku kama ule, swali la kwanza la msikilizaji ni "walikuwa nani?", na jibu likitoka, huruma inagawanyika pale pale. Filamu hii inachelewesha swali hilo kwa dakika kumi. Ni muda mdogo. Lakini nani mwingine amewahi kutupa hata dakika kumi za kumtazama mzee kwanza?

Filamu ya mwisho ni Le Cheval de Turin, Farasi wa Turin, ya mwaka 2011. Ilipata Dubu wa Fedha, tuzo kubwa ya majaji kule Berlin. Dakika 146, na picha zilizokatwa ni 30 tu. Baba mwenye mkono mmoja usiofanya kazi, binti yake, farasi, nyumba ya mawe, upepo usiokoma. Siku sita. Kila siku binti anamvalisha baba, anateka maji kisimani, anachemsha viazi viwili, kila mmoja anamenya chake kwa vidole, chumvi kidogo, basi. Asubuhi baba anapiga mafunda mawili ya pombe kali, ndugu ya lutuku yetu. Farasi anakataa kwenda kazini, kisha anakataa kula. Kisima kinakauka. Wanafunga vitu, binti anakokota mkokoteni, wanapanda kilima, wanapotelea nyuma ya mti mmoja ulio juu. Tunabaki tunatazama ule mti. Baada ya muda wanarudi. Wanafungua vitu, wanaingia ndani. Hatuelezwi waliona nini upande wa pili.

Hapo ndipo mtu wa Bibokoboko anashika kifua. Wangapi wamefunga vitu, wakavuka kilima, kisha wakarudi? Na ulipowauliza "kwa nini mumerudi?", walikujibu nini? Hakuna kitu. Wanawasha moto, basi. Tarr aliuheshimu ukimya huo, hakutuma mtu wa kuuliza maswali na karatasi mkononi.

Mwishoni taa haiwaki tena hata ikiwa na mafuta. Viazi ni vibichi. Baba anasema lazima kula. Giza. Baada ya filamu hiyo Tarr alitangaza kwamba hatatengeneza tena filamu ya hadithi, kwa sababu amemaliza la kusema.

Na hapo ndipo nagombana naye.

Mwanamume na binti yake wanakaa siku sita, farasi anaumwa, kisima kimekauka, na mlango unapigwa mara mbili tu: mara moja na mtu aliyekuja kununua pombe na kutoa hotuba ndefu juu ya mwisho wa dunia, mara moja na Waroma waliotaka maji, ambao baba anawafukuza. Sawa, ni ulimwengu wa filamu, ana haki ya kuujenga. Lakini tusiuite "hali ya binadamu", kama wahakiki wengi wanavyosema. Kwetu mnyama akikataa kula, kabla ya jua kupanda uwanja umejaa watu: huyu ana dawa ya majani, yule anasema ni tumbo, mzee mmoja anasema mpeni maji ya chumvi, mwingine amekuja tu kusikiliza. Nyumba ikichomwa, usiku uleule kuna mtu anakupa kona ya kulala, hata kama baada ya miezi sita mtachokana kama kwenye ile filamu yake ya kwanza. Umaskini wa milima yetu ni mkubwa, lakini hauko peke yake ndani ya nyumba. Mwanzoni Tarr alijua hilo, filamu zake za ujana zimejaa watu na kelele. Kadiri sanaa yake ilivyokuwa safi, majirani walipotea. Naona hapo alilipa usafi ule kwa bei kubwa.

Kuna filamu moja inayonisaidia kuonyesha tofauti, na hiyo ni ya Kongo na ya Kiswahili: Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes mwaka 2017. Baba mmoja kijana wa Katanga anakata mti mkubwa, anachoma makaa, anafunga magunia kwenye baiskeli mpaka baiskeli haionekani, na anaisukuma kilomita kama 50 mpaka Kolwezi. Anataka pesa za kununua manjanja ya nyumba yake. Ni subira ileile ya Tarr: mgongo, vumbi, usiku, magari yanayopita karibu mno. Gari linamgonga na kumwangusha. Njiani wanamdai pesa ili apite. Anauza kwa bei ya chini, na anaposikia bei ya bati moja anajua nyumba bado iko mbali. Lakini njiani watu wanamsaidia kuinua baiskeli. Mjini amebeba viatu kwa ajili ya mtoto wake anayelelewa kwa ndugu. Na usiku anaingia kwenye maombi, watu wanaimba. Ile nyimbo haimpi manjanja. Giza bado lipo, ila yumo ndani yake pamoja na watu.

Wengine watasema huo mwisho wa kanisa ni utamu tu. Sikubali. Ni ukweli wa mahali. Ukiondoa wimbo kwenye usiku wa Mkongo, umekata picha, hata kama kamera yako haijakata.

Kwa haki ya marehemu lazima niongeze hili: yeye mwenyewe hakubaki kwenye nyumba ile ya giza. Alikwenda Sarajevo, mji uliozingirwa kwa vita miaka ya 1990, akaanzisha shule ya sinema kwa vijana wa inchi mbalimbali. Na mwaka 2019, kule Vienna, alifanya kazi aliyoiita Missing People pamoja na watu wasio na makazi wa mji huo. Aliwaweka mbele ya kamera, akawapa muda. Alipinga waziwazi siasa ya inchi yake ya kuwafungia wakimbizi mlango. Mtu aliyesema amemaliza la kusema alikuwa bado anafungua mlango kwa wengine. Labda alijibu ubishi wangu kabla sijauandika.

Basi tufanye nini na huyu Tarr? Najua mega ni ghali, saa saba za filamu ni pesa ya wiki. Anayeweza, aanze na Farasi wa Turin, aitazame sehemu kwa sehemu, jioni, pamoja na wazee ikiwezekana. Wazee watamuelewa mbele yetu, nina hakika, na watambishia mahali pazuri zaidi.

Lakini ombi langu kubwa liko hapa. Karibu kila mmoja wetu ana telefone yenye kamera. Picha za Bibokoboko zilizopo humo ni za namna mbili: harusi na moshi. Ninaomba kila mwanachama aliye nyumbani, ao atakayepanda hivi karibuni, apige kipande kimoja kirefu bila kukata, na bila kuongea juu yake: kukamua asubuhi, mama anayetwanga, njia ya mtoni wakati wa mvua, watu wanaojenga upya ukuta. Dakika kumi tu. Msiweke muziki, msiandike "hali halisi ya watu wetu" juu ya picha. Mpige pia sauti za majirani wanapoingia na kutoka, wale ambao Tarr aliwaacha nje ya mlango. Mzihifadhi mahali pawili, kwa sababu telefone zinapotea wakati wa kukimbia.

Mtu asiyejua ng'ombe ataangalia na kusema hakuna kinachotokea. Watoto wetu waliozaliwa mbali na mlima ndio watauliza maswali.